Jua la maabara na mbung'o wa Unguja

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale 192 ya leza ilipigwa kwa pamoja kulenga kidonge cha haidrojeni kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Miale ilifikisha nishati ya megajuli 2.05. Kidonge kikarudisha megajuli 3.15. Kwa mara ya kwanza muungano wa viini vya atomu, ule moto unaoliwasha jua, ulitoa maabarani nishati nyingi kuliko iliyoletwa na leza, na vichwa vya habari vikatangaza kwamba binadamu ameliteka jua.

Mimi nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya jikoni. Megajuli 3.15, kama hakuna hata chembe inayopotea njiani, zinachemsha lita kumi za maji ya bomba. Nusu ndoo. Na ili leza zile ziwake, mitambo ilivuta kwenye gridi umeme wa megajuli 300 hivi. Ni kama kuchoma kuni za kuchemshia nusu ndoo tisini na tano ili upate nusu ndoo moja. Hesabu ya 2.05 kwa 3.15 ni ya kweli, na kwa wanafizikia ni ushindi mkubwa, siubezi. Ila imeanzia pale leza inapogusa kidonge, wakati mwenye kulipa bili huanza kuhesabu kwenye mita.

Sina ugomvi na wanaolitafuta jua la maabara. Kinachonikera ni jinsi tunavyozisoma habari hizi huku kwetu, kana kwamba sayansi ya mionzi ni shughuli ya wenzetu na sisi tumeachiwa mambo mawili tu, kupiga makofi au kuogopa. Ilhali kazi moja ya mionzi iliyokamilika kuliko nyingi ninazozijua ilifanyika Unguja, na kiwanda chake kilikuwa Tanga. Kijana wa miaka ishirini na tano aliyezaliwa Unguja hajawahi kuumwa na mbung'o kisiwani kwake. Huenda hata hajui kwamba waliomwondolea kero hiyo walitumia mionzi ya gama.

Aliyewahi kupita Mikumi akiwa amefungua dirisha la gari anamjua mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita. Anapouma unaruka. Ukimpiga kofi anadondoka, unadhani amekufa, na dakika mbili baadaye yuko kwenye kifundo cha mguu. Bara zipo aina zinazoambukiza watu malale. Yule wa Unguja, ambaye wataalamu wanamwita Glossina austeni, balaa lake lilikuwa nagana, ugonjwa unaomkausha ng'ombe taratibu: anakula lakini hanenepi, mimba zinatoka, maziwa yanakata, mwisho anabaki mbavu. Mfugaji wa upande wa msitu wa Jozani alikuwa anafuga kwa kubahatisha. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni hakuwa na maisha pale.

Lakini mdudu huyu ana udhaifu, nao ni uzazi wake. Nzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hubeba buu mmoja tumboni kwa siku tisa au kumi, humnyonyesha humohumo kwa tezi yake ya maziwa, kisha humzaa akiwa mkubwa karibu sawa na mama yake. Buu hujichimbia mchangani na kukaa karibu mwezi mzima kabla ya kutoka nzi. Jike akiishi vizuri hapati watoto zaidi ya kumi hivi. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja tu, mapema, na mbegu za dume yule huziweka akiba ya maisha yake yote. Sasa fikiria dume huyo ni mzima wa afya, anaruka, anatongoza, mbegu zake zinaogelea na zinafika, ila vinasaba ndani ya mbegu vimekatikakatika. Jike amekwisha kuolewa na hatazaa kamwe.

Fikra hii haikuzaliwa Tanga. Mwaka 1927 Hermann Muller, akiwa Texas, alionyesha kwamba nzi wa matunda waliopigwa eksirei huzaa watoto wenye kasoro za kurithi, na baadaye kazi hiyo ikampa Nobel ya mwaka 1946. Muller alikuwa anauchunguza urithi, wadudu waharibifu hawakuwa hoja yake. Aliyeyaunganisha mambo hayo mawili ni Edward Knipling wa wizara ya kilimo ya Marekani, aliyekuwa akihangaika pamoja na Raymond Bushland na nzi mmoja wa kutisha ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai kuanzia kwenye kidonda. Knipling alikuwa na wazo la kumdhulumu nzi huyo kwa njia ya ndoa, lakini hakuwa na namna ya kuhasi mamilioni ya madume. Alipoisoma kazi ya Muller akamwandikia barua. Mwaka 1954 wakaijaribu kwenye kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, na katika muda wa miezi tu nzi yule akaisha kisiwani.

Hapa inafaa kusogea karibu na kutazama mionzi inafanya nini hasa, kwa sababu neno lenyewe tumeliachia ukungu mwingi. Wanaosokota kamba za usumba katika vijiji vya pwani wataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. DNA, dutu inayobeba vinasaba, ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, na ujumbe ulioandikwa kwenye uzi mmoja unaweza kuusoma kwa kuutazama uzi mwenzake. Ukikatika uzi mmoja, seli huutengeneza kwa kuangalia ule mzima. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kila seli yako maelfu ya mara kwa siku, hata kama hujawahi kupiga picha ya eksirei maishani, maana maji na joto la mwili peke yake vinatosha kuharibu vinasaba. Watatu waliochambua ufundi huo wa matengenezo, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2015. Shida huanza nyuzi zote mbili zinapokatwa mahali pamoja. Seli haina tena pa kunakili, inaunganisha ncha na ncha kwa kubahatisha, na vipande vingine vinapotea. Mionzi ya gama ni hodari wa mkato huo wa pande mbili.

Mbung'o dume wa Unguja alipewa kipimo cha mionzi cha greyi 120 hivi. Binadamu akipigwa greyi nne au tano mwili mzima, bila matibabu, uwezekano wake wa kupona ni nusu kwa nusu. Kwa nini mdudu anaruka zake? Kwa sababu mionzi huziumiza zaidi seli zinazojigawa, na za mdudu mzima karibu zote zimekwisha kujigawa. Mbegu iliyopasuliwa vinasaba nayo haisumbuki hadi itakapoingia ndani ya yai. Kiinitete kinaanza kujigawa, vipande vya vinasaba havijui viende upande gani, na baada ya siku chache kimekufa. Ukipunguza kipimo, dume anabaki na uzazi. Ukizidisha, anakuwa goigoi na jike anachukuliwa na dume wa porini. Kwa hiyo kazi yote imesimama juu ya kipimo.

Mionzi hiyohiyo, kwa mantiki hiyohiyo, ndiyo anayopangiwa mgonjwa wa saratani anayepanga foleni Ocean Road, Dar es Salaam: greyi mbili hivi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili seli za uvimbe, ambazo hazitulii kujigawa na matengenezo yake ni mabovu, zife kabla ya zile nzima. Wengi wanauliza kwa nini asipigwe mara moja akaenda nyumbani. Kile kipindi cha kati, usiku mgonjwa akiwa amelala, ndicho seli nzima zinachokitumia kusokota upya kamba zao. Na mashine ya kobalti, inayotoa mionzi hiyo ya gama, ina tabia moja ambayo kila mpanga bajeti ingefaa aandike ukutani: chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, mashine iwe inatumika au imefungiwa. Mgonjwa aliyelala chini yake kwa dakika mbili, baada ya miaka hiyo analala dakika nne kupata kipimo kilekile, na foleni nje inakuwa ndefu bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Kobalti haisubiri mwaka wa fedha.

Turudi kwa mbung'o. Kabla ya Unguja palikuwa na Mkwaja. Miaka ya 1970, kwenye ranchi ya Mkwaja, pwani ya mkoa wa Tanga, sehemu ambayo leo imo ndani ya Hifadhi ya Saadani, madume waliohasiwa kwa mionzi waliachiwa dhidi ya aina nyingine ya mbung'o. Msitu ulifyekwa kuizunguka ranchi ili uwe kama ukuta. Mbung'o wakapungua sana. Hawakuisha, kwa sababu wa nje walivuka sehemu iliyofyekwa wakaingia. Hesabu ya vinasaba ilikuwa sawa na mionzi ilifanya kilichotarajiwa. Ukuta ndio uliovuja.

Mimi naona jaribio la Mkwaja ni muhimu kuliko ushindi uliofuata, na linastahili kusomwa na kila anayeandika habari za jua la maabara. Walioirudia kazi Unguja hawakubadilisha mionzi. Walibadilisha ukuta, wakachagua kisiwa, na zaidi ya kilomita thelathini za bahari zikafanya kazi ambayo uwanda uliofyekwa ulishindwa kuifanya.

Walianza mwaka 1988 na mambo ya kawaida kabisa: dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni na vitambaa vyenye sumu vilivyotundikwa msituni, maana mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, na ndiyo sababu waongoza watalii hukukataza kuvaa buluu porini. Madume huwezi kuwatanguliza wadudu wakiwa wengi, hawatatosha. Kwanza unawapunguza, ndipo unawadhulumu. Mwaka 1994 serikali za Tanzania na Zanzibar pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakaanza awamu ya pili.

Kiwanda kilikuwa kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o ya Tanga. Na hapa ndipo picha ya mwanasayansi wa mionzi aliyevaa miwani mikubwa mbele ya mtambo unaong'aa inapobomoka, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kulisha. Mamia ya maelfu ya majike yalihitaji damu, mfululizo, sikukuu na siku za kazi. Mbung'o hanywi damu iliyo kwenye bakuli, ni lazima atoboe ngozi. Basi damu ya ng'ombe inatandazwa kwenye sinia la moto kiasi, juu yake unatandikwa utando wa silikoni, na juu ya utando vinapangwa vizimba vya wavu vilivyojaa mbung'o. Wanachomeka midomo kupitia wavu na utando, matumbo yanavimba na kuwa mekundu kama zabibu, vizimba vinaondolewa, vinaletwa vingine. Joto la chumba likipanda, wanakufa. Unyevu ukishuka, wanakufa. Damu ikiingia bakteria, koloni zima linayumba. Umeme ukikatika usiku, mtu anaamshwa.

Kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997 madume zaidi ya milioni 8.5 waliachiwa juu ya Unguja kutoka kwenye ndege ndogo, mara mbili kwa wiki, wakiwa ndani ya vikasha vya karatasi ngumu, kwenye mistari iliyopishana kilomita moja hadi mbili. Katikati ya 1995, kwa kila dume mmoja wa porini walikuwepo zaidi ya hamsini waliohasiwa. Mwisho wa mwaka ule walizidi mia moja kwa mmoja.

Idadi ya walioachiwa haisemi kitu peke yake, kama vile megajuli za leza hazisemi kitu peke yake. Swali ni nini kilitokea tumboni mwa jike. Mafundi walikamata mbung'o kwa mitego ya gundi, wakampasua jike mmoja mmoja chini ya darubini na kutazama mji wa mimba. Je, kuna buu anayekua? Kuna yai lililokufa? Au ni mtupu, ametupa kilichokufa? Mwanzoni mwa 1994 majike vijana wenye mimba iliyokufa au mji mtupu walikuwa chini ya asilimia 25. Miezi ya mwisho ya 1995 walikuwa zaidi ya asilimia 70. Wakati huohuo majike waliokuwa wakinaswa walizidi kuwa wazee, maana vijana hawakuwa wakizaliwa. Mapema 1996 idadi ikaporomoka. Dume wa mwisho wa porini alinaswa wiki ya 32 ya mwaka ule, na jike wa mwisho wiki ya 36.

Hiyo kwangu ndiyo hesabu iliyoanzia kwenye mita. Hakuna aliyesema mradi umefaulu kwa sababu ndege imeruka.

Sasa urudi nayo kwenye muungano wa viini uone inavyokata. Njia ya pili ya kulipata jua hilo, mbali na leza, ni kuifungia haidrojeni ya moto wa nyuzi milioni 150 ndani ya pete ya sumaku, umbo ambalo Wasovieti waliliita tokamaki. Hakuna chuma kinachoweza kuugusa moto huo, hivyo ukuta wa kwanza ni wa sumaku. Mtambo wa WEST kule Cadarache, kusini mwa Ufaransa, ulishikilia moto wa namna hiyo, ingawa si mkali kiasi hicho, kwa sekunde 1,337 tarehe 12 Februari 2025, dakika ishirini na mbili na ushei. Habari hiyo haikupata nusu ya shangwe ya kidonge cha California, nami naiona nzito zaidi, kwa sababu inazungumzia kudumu.

Jirani na WEST unajengwa mtambo mwingine wa pete ya sumaku, ITER, wa nchi thelathini na zaidi, mkataba wake ukiwa ulitiwa saini mwaka 2006. Mwaka 2024 wasimamizi walitangaza ratiba mpya: utafiti kuanza 2034, na mafuta kamili, mchanganyiko wa dyuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za haidrojeni, mwaka 2039. Watu wamecheka. Mimi sicheki, ila nataka mwandishi anayeripoti aniambie habari za ukuta wa pili, ule wa chuma, kwa sababu huo ndio unaonipa mashaka.

Dyuteriamu na tritiamu zikiungana hutoka heliamu na nyutroni moja yenye kasi ya ajabu. Nyutroni haina chaji, sumaku haiwezi kuizuia. Inapita moja kwa moja hadi ukutani na kugonga atomu za chuma, zinahama mahali pake, zinagonga nyingine. Katika mtambo wa kuzalisha umeme kila atomu ya ukuta ule ingehamishwa mahali pake mara nyingi, makumi ya mara, katika maisha ya mtambo. Ndani ya chuma hujiunda vipovu vya heliamu, chuma kinavimba, kinakuwa kikavu kama mkate wa juzi. Ni jeraha lilelile la vinasaba vya mbung'o, kitu kidogo chenye kasi kimevunja mpangilio. Tofauti ni kwamba chuma hakina fundi wa ndani.

Yupo kiumbe anayenifanya niwaonee huruma wahandisi. Mwaka 1956, Marekani, nyama ya kopo ilipigwa mionzi iliyodhaniwa kuua kila kitu, na bado ikaharibika. Ndani yake walimkuta bakteria aliyekuja kuitwa Deinococcus radiodurans. Huyu ukimpa greyi 5,000, mara elfu ya kipimo kinachomwacha binadamu nusu kwa nusu, vinasaba vyake vinakatika vipande mamia, na baada ya saa kadhaa ameviunga vyote kwa mpangilio, ameendelea na maisha. Hakuna anayejua kutengeneza chuma cha hivyo. Hata chombo cha kupimia chuma cha kawaida chini ya nyutroni za namna hii kwa miaka mingi ndiyo kwanza kinajengwa, karibu na Granada, Hispania. Uwanda unafyekwa, kwa lugha ya Mkwaja, na ukuta haujapimwa.

Kuna tritiamu pia. Hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, na duniani ipo kwa makumi machache ya kilo, nyingi zikitoka kwenye vinu vya nyuklia vya Kanada. Mtambo wa muungano utalazimika kujitengenezea tritiamu yake kwa kuzielekeza nyutroni kwenye lithiamu. Nimeanza kusikia watu wakiiunganisha hoja hiyo na Manono, mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, ambako lithiamu ipo nyingi na Kiswahili ndicho cha sokoni. Nawaomba watu wa Manono wasiuziwe ndoto hiyo. Lithiamu inayogombewa kwao leo ni ya betri. Mitambo ya muungano, ikija, itakula kidogo, tena aina moja ya lithiamu ambayo kwa asili ni asilimia saba na nusu hivi tu ya yote. Katanga ya zamani, ambamo Manono ilikuwemo, imewahi kuchimba madini ya kutikisa dunia, urani ya Shinkolobwe iliyoingia kwenye mabomu ya 1945, na sioni kijiji kilichotajirika kwa sifa hiyo.

Unguja nayo isipambwe kupita kiasi. Bara hakuna bahari ya kuzungushia wilaya, na wakuu wa Afrika waliazimia mwaka 2000 kule Lomé kummaliza mbung'o barani kote, azimio ambalo mpaka leo linaonekana zuri zaidi kwenye karatasi kuliko porini. Pale kazi ilipofika mbali, kama Niayes nchini Senegal, jirani na Dakar, palitangulia swali la ukuta, na safari hii lilijibiwa na bayolojia ya molekuli. Watafiti walichukua vinasaba vya mbung'o wa Niayes wakavilinganisha na vya wale wa kusini mashariki, wakakuta koo hizo mbili hazichanganyiki. Bahari haikuwepo, lakini vinasaba vilionyesha kwamba kuna kitu kinafanya kazi ya bahari. Ndipo wakaagiza madume. Mwaka 2014 orodha nzima ya jeni za mbung'o ilichapishwa, zaidi ya elfu kumi na mbili, baada ya muongo mmoja wa kazi, Waafrika wengi wakiwemo kwenye orodha ya waandishi. Fedha za namna hiyo, za kusoma kabla ya kupiga, ndizo ningependa kuziona kwenye bajeti zetu kabla ya mkutano wowote wa kujadili kinu.

Na ukuta ukishajengwa unataka mlinzi. Yule nzi wa Knipling alifukuzwa kuanzia Marekani kushuka Mexico na Amerika ya Kati yote hadi Panama, na kwenye msitu wa Darién wakaweka mpaka wa madume waliohasiwa, wanaoachiwa kila wiki, mwaka hadi mwaka. Miaka karibu ishirini hakupita. Mwaka 2023 akapita. Panama wanyama wagonjwa wakawa maelfu, kisha Costa Rica, Nicaragua, Honduras, na Novemba 2024 akaingia Mexico, Marekani ikafunga mpaka wake kwa ng'ombe wa Mexico. Mionzi iliyohasi madume mwaka 2023 ilikuwa ileile ya miaka yote.

Kwa hiyo ninapoisoma habari ya jua la maabara huwa nakumbuka miezi kumi na sita ya mwisho ya Unguja, kuanzia Septemba 1996. Jike wa mwisho alikuwa amekwisha kunaswa. Mtego ukitazamwa, hakuna kitu. Ila mtego mtupu unaweza kuwa na maana mbili, hawapo au hawajaingia, na kama amebaki mmoja mwenye mimba upande wa Jozani kazi yote inaanza upya. Wakakubaliana kuendelea hadi vipite vizazi sita. Tanga sinia la damu likawa linapashwa moto kama kawaida, vizimba vinapangwa, madume wanapigwa mionzi. Mara mbili kwa wiki ndege ikaendelea kuvuka juu ya msitu ikiangusha vikasha, na madume wakatoka wakitafuta majike wasiokuwepo, hadi Desemba 1997.